Filamu ya Nyongeza

Kwetu Katwe, mchuuzi akikupimia maharagwe au mkaa, hubanduki mbele yake mpaka akuongezee kidogo juu ya kipimo. Kidogo hicho huitwa nyongeza, neno ambalo Kiganda na Kiswahili hulitumia sawasawa, nami sitaki kuanzisha hapa ubishi wa nani alimwazima mwenziwe. Filamu ninayotaka kuwasimulia walimu wenzangu niliipata kwa njia hiyo hiyo. Sikuiomba, sikuilipia, wala sikuwa nimepata kulisikia jina lake.

Wageni wengi wameijua Katwe kwa ile filamu ya Mira Nair ya mwaka 2016, Queen of Katwe, inayosimulia habari za Phiona Mutesi, msichana wa mtaani petu aliyeinuliwa na mchezo wa sataranji. Sisi wenyewe tunaijua zaidi kwa masufuria, majiko, milango ya chuma na vipuri vya magari. Nyumba yangu iko nyuma ya karakana za wahunzi, ambako nyundo huanza kugonga mabati alfajiri na hazinyamazi mpaka magharibi. Humo tunaishi watu wanne: mimi, mwanangu wa kiume wa miaka 13, binti wa kaka yangu aliye kidato cha pili, na mama yangu mzazi, ambaye watoto humwita Jjajja.

Ilikuwa likizo. Mvua ilikuwa imenyesha siku nzima, mitaro imefurika, na watoto wamekwisha kugombana mara tatu. Basi nikatoka na mwavuli hadi duka la kijana mmoja anayenakili filamu katika flashi. Duka la namna hii mtaani huitwa maktaba, ingawa halina hata kitabu kimoja. (Sitetei biashara hiyo, najua wenye filamu hawaambulii kitu. Lakini mimi ni mwalimu wa Katwe, na sinema za mjini huziona kwa nje.) Nikamwambia kijana anitilie filamu mbili za watoto, zisizo na risasi wala uchawi. Akanitilia, kisha akasema, “Nyabo, nakuongezea hii moja ya shule. Haina VJ, kwa hiyo hakuna anayeinunua.”

Hapa sina budi kueleza kidogo, kwa ajili ya wasomaji walio mbali na Kampala. Vibanda vya video vilipoenea mjini mwetu kuanzia mwisho wa miaka ya 1980, watazamaji wengi hawakujua Kiingereza, sembuse Kichina au Kihindi. Ndipo akatokea mtu wa kukaa pembeni na kipaza sauti, akiwafasiria watu kwa Kiganda yale yanayosemwa. Mtu huyu ndiye tunayemwita VJ. Hafasiri tu. Humpa mpiganaji wa Hong Kong jina la kinyozi wa Kisenyi, humtania mwenye kibanda, humwonya shujaa kwamba adui yuko nyuma ya mlango. VJ Jingo na wenzake wamejulikana kwa kazi hiyo kuliko waigizaji wengi wa hapa nchini. Kule Wakaliga, Isaac Nabwana alipotoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, sauti ya VJ Emmie ilitiwa ndani ya filamu yenyewe, ikawa sehemu ya mchezo. Dar es Salaam walikuwa na Lufufu, aliyesimulia filamu kwa Kiswahili, na Wakenya wana DJ Afro. Japani nako, zamani za filamu zisizo na sauti, walikuwapo wasimulizi walioitwa benshi, na watu walikwenda kumsikiliza msimulizi kama walivyokwenda kuitazama picha. Kwa hiyo filamu isiyo na VJ, kwa mtoto wa Katwe, ni kama chai isiyo na sukari.

Zile filamu mbili nilizozilipia zilikwisha kabla ya saa mbili usiku. Mvua haikukoma. Tukaifungua ile ya nyongeza.

Jina lake ni Gregory's Girl. Iliongozwa na Bill Forsyth wa Uskoti, ikaanza kuonyeshwa hadharani Uingereza mwaka 1981, ambao pia ndio mwaka niliozaliwa mimi. Mandhari yake ni Cumbernauld, mji uliojengwa upya karibu na Glasgow baada ya Vita vya Pili vya Dunia: nyumba zinazofanana, barabara za zege, nyasi nyingi, mawingu. Sehemu ya mwanzo, wavulana wakiwa wamejificha gizani kumchungulia muuguzi anayebadili nguo, niliipeleka mbele kwa haraka iliyowachekesha watoto kuliko kitu chochote kilichokuwamo. Baada ya hapo hakuna la kuona haya. Gregory ni mvulana wa miaka kama 16, mrefu, mwembamba, mikono yake inaning'inia kama haijui kazi yake. Timu ya mpira ya shule yao imezoea kushindwa. Kocha anatangaza majaribio ya kutafuta wachezaji wapya, na anayejitokeza akawashinda wote ni msichana, Dorothy. Anapewa nafasi ya Gregory mbele ya goli la wapinzani, na Gregory anarudishwa nyuma kulinda lango. Badala ya kukasirika, anapenda. Hayo ndiyo yote. Hapana mwizi, hapana mzimu, hapana mzazi mkatili.

Taabu ilikuwa moja. Hatukuwa tunasikia neno.

Nimesoma Kiingereza tangu darasa la kwanza, nimefanya mitihani yangu yote kwa Kiingereza, na stashahada yangu ya ualimu imeandikwa kwa Kiingereza. Lakini Kiingereza cha vijana wale wa Uskoti kilipita masikioni mwangu kama maji kwenye jani la myugwa. Watoto walinitazama kwa mshangao usiofichika. Baadaye nilikuja kusoma kwamba filamu hiyo ilipopelekwa Marekani, wasambazaji waliitia sauti upya kwa lafudhi nyepesi zaidi ili Wamarekani waielewe. Laiti ningalijua usiku ule, ningaliokoa heshima yangu.

“Ssenga,” akasema binti wa kaka yangu, “tuwe na VJ wetu. Wewe si mwalimu wa lugha?”

Nikauliza, nifasiri kwa lugha gani? Akacheka kwa ile jeuri ya umri wake. “Kwa Kiswahili! Wewe si unatuambia kila siku kwamba Kiswahili kinaweza kila kitu?”

Nilikuwa nimenaswa kwa maneno yangu mwenyewe. Kwa miaka zaidi ya 20 nimekuwa nikiwaambia wanafunzi, na wanangu wa nyumbani wakiwa wa kwanza, kwamba Kiswahili ni lugha ya masoko, ya Jumuiya, ya ushairi na ya sayansi. Sheria nayo imesema mengi. Serikali ya Idi Amin ilikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973; marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yakakifanya lugha rasmi ya pili; na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Lakini nani kati yetu aliyepata kumchekesha mtoto wa Kampala kwa Kiswahili? Mimi sikuwa nimepata. Chuoni niliingizwa katika somo hili kwa sababu madawati yake yalikuwa matupu, nikajifunza ngeli, vitenzi na tarihi ya fasihi, nikatoka naweza kuandika barua ya kuomba kazi bila kosa. Kutania sikufundishwa.

Nikaanza. “Mvulana huyu amevutiwa na msichana yule,” nikasema.

“Maama,” akasema mwanangu, “unatusomea taarifa ya habari?”

Nikajaribu tena. Gregory anamwambia Dorothy jambo fulani huku akijigonga kwenye mlango, na nikaona kwamba jambo lenyewe, hata nisipolisikia, lilikuwa upuuzi mtupu. Nikayakumbuka maneno ya mapenzi niliyoyajua, na yote yalikuwa ya diwani: mahabuba, laazizi, muhibu, ua la moyo. Nikamtilia Gregory kinywani. Yule kijana mwenye mikono kama mipini ya jembe akamtamkia mlinzi wa heshima ya timu, “Ewe mahabuba, niruhusu nikubebee kiatu chako.” Watoto wakaangua kicheko. Nikagundua kwamba ule Kiswahili wa juu, ambao mara nyingi nimeulaumu kwa kuwa mbali na watoto wetu, ulikuwa ndio hasa unaomfaa Gregory, kwa sababu yeye naye anajaribu kuvaa koti lisilo lake. Na kwa kweli usiku wa miadi yake anaazima koti jeupe la rafiki yake.

Baada ya hapo sauti zikaja zenyewe. Rafiki huyo, Steve, hupika keki katika chumba cha sayansikimu na kuziuza shuleni, tena kwa ustadi na ukali wa mtu mzima. Huyu nikampa Kiswahili cha mafundi wetu wa Katwe, ambacho kimechanganyika na cha Wakongo na cha Wakenya: “Lete kazi, bosi, kesho asubuhi iko tayari.” Hapana mtoto wa Katwe asiyeijua kesho ya fundi. Andy, anayewasogelea wasichana mezani na habari zisizo na kichwa wala mguu akidhani ndivyo mwanamume anavyopendwa, nikamfanya mpiga debe wa kituo cha teksi. Charlie, mwenzake, haongei karibu filamu nzima, nami namshukuru. Mwalimu mkuu, ambaye hujifungia peke yake akapiga piano na kuagiza keki kwa Steve, nilimwachia Kiswahili changu mwenyewe cha barua rasmi, na watoto wakamtambua mara moja, wakanitazama. Na yule mtoto aliyevaa vazi la ndege pengwini, anayezurura katika vyumba vya shule bila mtu yeyote kueleza ni kwa nini, sikumpa maneno. Kila akitokea tulinyamaza kumpisha.

Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba katika filamu ile wasichana wanajua kila kitu na wavulana hawajui chochote. Mshauri mkuu wa Gregory ni dada yake wa miaka kumi, Madeleine, anayemfundisha namna ya kuvaa na namna ya kuzungumza na msichana. Binti wa kaka yangu alimwangalia mtoto yule kwa makini, kisha akaniuliza, “Huyu ndiye ssenga wake?” Wasomaji wasio Waganda wajue kwamba shangazi, yaani ssenga, ndiye anayepaswa kwa mila yetu kumfunza binti wa kaka yake mambo ya mapenzi na ya ndoa. Ni kazi yangu, na kwa miaka miwili nilikuwa nimeikwepa. Kwa Kiganda mambo hayo yana maneno yake na adabu zake, nami sikupata kuona saa inayofaa kuyaanza. Kwa Kiingereza yanasikika kama somo la biolojia. Usiku ule, kwa sauti ya Madeleine, nilijikuta nimesema kwa Kiswahili yapata robo ya yale niliyopaswa kusema. Nilisema kwamba mtu anayekupenda hukusikiliza unapozungumza juu ya mpira wako. Nilisema kwamba kungojewa si dhambi. Binti hakunigeukia, lakini aliacha kuchezea nywele zake.

Mtu wa nne chumbani alikuwa mama yangu, na mpaka hapo sijamtaja kwa sababu hakuwa amesema kitu. Alikaa kwenye mkeka pembeni akimenya karanga. Mama hajui Kiswahili wala hataki kukijua. Mara nyingi amesema mbele ya wajukuu, “Hiyo ni lugha ya askari na wezi,” kauli ambayo kila mwalimu wa somo hili Kampala ameisikia mara nyingi. Nami siku zote nilimjibu kwa hoja: Jumuiya, biashara, Tanzania waliotusaidia mwaka 1979. Hakubishana nami. Alisema alivyosema, akaendelea na kazi yake.

Sauti niliyokuwa nimempa kocha ndiyo iliyomfanya ainue uso. Kocha yule, Menzies, ni mtu mpole mwenye mashaka, anayejaribu kufuga masharubu huku wanafunzi wakimcheka. Nilikuwa nimempa Kiswahili cha kambini kwa sababu hicho ndicho kila Mganda anachokijua hata kama hakujifunza: simama, kaa chini, haraka, mikono juu. Kila alipofoka amri zile hakuna mchezaji aliyemtii, na mpira ukaenda ulikotaka. Watoto walicheka mpaka wakalala chini. Mama hakucheka. Aliitazama televisheni kwa muda, akarudia karanga zake, kisha akasema kwa Kiganda, bila kunitazama, “Yule afande atarudi?”

Nikamwambia atarudi.

Halafu ikafika saa ya miadi. Gregory amesimama chini ya saa ya mji katika koti lake la kuazima, akimngoja Dorothy, na Dorothy haji. Anatazama huku, anatazama kule, anajifanya hana shida. Kwa wasiojua, kusimama peke yako mahali pa wazi jioni, bila sababu inayoonekana, katika Kampala ya miaka fulani halikuwa jambo la kuchekesha. Nilikuwa natafuta la kumsemea Gregory pale nilipoisikia sauti ya mama kutoka pembeni, nzito, ya kiume, sauti ambayo sijapata kuisikia kwake maishani.

“Wewe! Kitambulisho iko wapi?”

Tuligeuka sote. Mama alikuwa ameuelekeza mkono wenye karanga kwenye televisheni. Kisha midomo yake ikaanza kutetemeka, nikadhani analia, kumbe anacheka, na watoto wakacheka, nami nikacheka. Kwa mara ya kwanza katika kazi yangu niliacha kosa la upatanisho wa ngeli lipite bila kulisahihisha. Maneno yale alikuwa ameyahifadhi zaidi ya miaka 40, sawasawa kama alivyoambiwa. Gregory alipoondoka pale na msichana mwingine, naye akamkabidhi kwa wa tatu, kama kifurushi kinachopitishwa mkono hadi mkono, mama akaendelea kumwuliza vitambulisho kila alipoonekana msichana mpya. Watoto walisema hakuna VJ mjini anayemfikia.

Kwa kuwa msomaji pengine hataipata filamu hii kwa urahisi, acha nimweleze kinachofuata. Wasichana walikuwa wamepanga tangu mwanzo. Wa mwisho kukabidhiwa Gregory ni Susan, ambaye ndiye aliyemtaka. Wanakwenda bustanini jioni, katika ule mwanga mrefu wa kaskazini ambao hauishi, wanalala chali majanini na kucheza dansi kwa mikono tu. Gregory anamweleza kwamba dunia inazunguka kwa kasi kubwa na kwamba inawabidi waishike wasirushwe. Hapa sikufasiri. Tulinyamaza wote, kama tulivyofanya kwa pengwini. Forsyth alipata tuzo ya BAFTA kwa mswada wa filamu hii, na mimi ningempa nyingine kwa dakika zile chache peke yake. Wavulana na wasichana wengi aliowatumia walikuwa wa kikundi cha maigizo cha vijana cha Glasgow, si nyota wa kulipwa fedha nyingi, na labda ndiyo sababu miili yao haikujua uongo.

Tungaliishia hapo ingekuwa hadithi ya usiku mwema tu. Lakini filamu yenyewe haikuishia hapo. Andy na Charlie, waliokosa wasichana wa mji wao, wamesikia kwamba kule Caracas, Venezuela, kuna wanawake wanane kwa kila mwanamume mmoja. Basi wameandika bango, wamelikosea hata tahajia, na wamesimama kando ya barabara kuu usiku kuomba lifti ya kuelekea Amerika ya Kusini. Watoto wangu walikuwa hoi kwa kicheko. Nami, nikiwa nimelewa ufundi wangu mpya, nikampa Andy sauti ya mpiga debe kwa nguvu zangu zote:

“Caracas, Caracas! Panda gari! Panda gari twende!”

Karanga zikamwagika.

Neno lile nalijua, kama kila mtu wa Kampala wa rika langu anavyolijua. Katika miaka ya mwanzo ya 1980 askari walikuwa wakizingira mitaa, wakiwakusanya vijana na kuwapakia katika malori, na msako huo watu waliuita kwa amri yenyewe iliyotolewa: panda gari. Nilikuwa mtoto mchanga. Nalijua neno kama mtu anavyojua neno la kamusi. Zaidi ya hayo, nimelifundisha. Katika zoezi langu la hali ya kuamuru, ambalo mwanangu amelisoma kwa sauti sebuleni mwangu si mara moja, zimo sentensi za panda mti, panda ngazi, panda gari.

Ukutani mwetu ipo picha ya mdogo wake mama, kijana mwenye shati la kola pana, fundi wa majiko. Tulizoea kuambiwa kwamba alipotea wakati wa vita, na sisi hatukuuliza zaidi, kwa kuwa waliopotea walikuwa wengi. Mama akasema, kwa Kiganda, polepole, akiokota karanga moja moja, kwamba hakupotea. Alikuwa anatoka kuchukua mkaa, mwaka 1983, chini ya kilima, karibu na mahali lilipo sasa duka la vipuri. Mama alikuwa amesimama upande wa pili wa barabara, nami nikiwa mgongoni mwake. Askari alimwambia mdogo wake maneno yale mawili. Yeye hakuyaelewa, kwa sababu hakujua Kiswahili, akabaki amesimama, akimtazama mama kama anayemwuliza maana yake. Wakamwambia tena. Mama naye hakujua maana yake. Maana waliijua wote wawili alipokwisha kuinuliwa.

“Ningalijua,” akasema mama, “ningalimwambia akimbie.”

Chumba kilikuwa kimya, ila televisheni. Mwanangu aliniangalia mimi, si bibi yake, na sikujua ni kitu gani anachokitaka usoni mwangu. Binti wa kaka yangu aliinuka akapiga magoti mkekani, akaanza kumsaidia bibi yake kuokota. Nilitaka kumwomba mama radhi, nikakosa lugha ya kuiombea. Kwa Kiganda ningaliweza, lakini kosa nilikuwa nimelifanya kwa lugha nyingine.

Mama ndiye aliyeanza. Aliielekea televisheni, ambako majina ya waigizaji yalikuwa yamekwisha kuanza kupanda, akauliza, “Wale vijana wawili wa barabarani. Gari lilisimama?”

“Hapana, Maama,” nikasema. “Yalipita tu. Hakuna lililosimama.”

“Vizuri,” akasema. “Wataamka waende shule.”

Zoezi langu nimelibadilisha. Sikuliondoa neno, kwa kuwa ni kitenzi chema na watoto wanakihitaji, bali sasa linakuja mwisho, na kabla ya kulifikia huwaeleza wanafunzi kitu kidogo. Wengine hurudi siku ya pili na maneno waliyoyapata kwa babu na bibi zao, yakiwa na makosa yake yote ya upatanisho, nami huyaandika ubaoni jinsi yalivyo. Kuhusu ile filamu, nimesikia kwamba mwaka 1999 Forsyth alitoa nyingine ya kuifuata, ambamo Gregory amekuwa mtu mzima na ni mwalimu wa Kiingereza katika shule yake ile ile. Kijana wa maktaba ameahidi kunitafutia. Mama hana habari nayo. Jumapili iliyofuata, mvua ikiwa imekatika na nyundo za Katwe zimepumzika, alinyanyua mkeka wake mwenyewe akautandika karibu zaidi na televisheni, akauliza kama tunaye bado yule mtoto aliyevaa kama ndege.